Balansi

Dukani kwa Nambozo, hapa Budadiri,
nilitoa noti ya elfu tano,
nikachukua sabuni ya elfu nne na mia saba,
nikasimama kungoja.
"Balansi sina," akasema, "chukua peremende."
Nikatoka na peremende tatu za mnanaa
na neno moja limening'ang'ania kwenye jino.

Kwa kuwa sisi wa upande huu wa mlima
hatusemi chenji. Tunasema balansi.
Mwenye pikipiki akikupakia na mkungu wa ndizi
husema, "Mama, balansi!", yaani
usiegemee bondeni, tutaanguka sote na chakula.
Simu nayo ina balansi yake, haitoshi kamwe.
Na binti yangu Khainza, wa darasa la sita,
hupanda kutoka mtoni na debe kichwani,
mikono ikining'inia tu kama imesahauliwa;
muulize anafanyaje, atakujibu
bila kugeuza shingo: balansi.

Lakini mimi neno hili nililisikia kwanza kwa baba.
Baba yangu Wamimbi hakujua Kiingereza
zaidi ya maneno matatu: gredi, risiti, balansi.
Ghala la kahawa lilikuwa nyuma ya kanisa,
na mizani ilitundikwa kwenye boriti,
uso kama wa saa, mshale mmoja, ndoana moja.
Gunia likipanda, mshale ulitetemeka;
karani hakungoja utulie.
Alihesabu noti, akalamba kidole, akaacha katikati,
akaandika kwenye karatasi ya waridi: Bal.
Herufi tatu na nukta.
"Ijumaa," akasema.
Hakusema Ijumaa ipi.

Karatasi ile baba aliitia ndani ya Biblia,
na ya msimu uliofuata, na ya msimu uliofuata,
hadi Biblia ikavimba, ikakataa kufungika,
na mama akawa anaifunga kwa kamba ya mgomba.

Miaka mingi baadaye nikamuuliza Mwalimu Wepukhulu,
yule mwenye kamusi iliyoliwa pembe na panya,
neno hili kwao ni wapi?
Akasema limetembea sana.
Warumi wa kale walisema bi, ni mbili;
wakasema lanksi, ni sahani.
Sahani mbili, basi: ndiyo mizani yenyewe.
Wafaransa wakalilainisha mdomoni,
Waingereza wakalipanga kwenye daftari za hesabu,
sisi tukalipokea mwisho wa safari.

Sahani mbili?
Nikaikumbuka ile ndoana moja ya ghala,
nikajiuliza usiku kucha ya pili ilikuwa wapi.
Ilikuwa kwetu. Ilikuwa juu ya jamvi,
ina malewa yasiyo na chumvi,
na watoto sita tumeizunguka
tukiitazama ikipanda, nyepesi, ikipanda.

Kaka yangu Mudenya alifanya kazi Kitale,
akarudi na koti, na Kiswahili cha kughani.
Ndiye aliyeniambia kwamba hata ubeti una mizani:
nane huku, nane kule,
hesabu kwa vidole, usimpunje msomaji.
Nikakaa na vidole vyangu vinavyonuka sabuni,
nikamtungia baba:

Kilo thelathini mbili, zilitoka mlimani,
Ndoana haikubali, yasema ni thelathini,
Hela nusu ni za kweli, nusu nyingine hewani,
Balansi haiwi wali,

Mudenya akasoma, akarudia, akagonga meza.
"Mstari wa mwisho umepunjwa," akasema.
"Una nane tu. Nane nyingine ziko wapi?"

Nikampa peremende moja.
Ijumaa, nikamwambia.